Umeme wa sola unakata alfajiri: niongeze tabaini ya upepo, paneli au betri?

Kibanda_Mlimani:

Wakuu habari za muda huu. Naomba ushauri wa wazoefu kabla sijatoa hela mfukoni. Nina kijumba changu kidogo, vyumba viwili na jiko, kiko mbali na nguzo za umeme na sioni zikifika leo wala kesho kwahiyo ni sola tu mwanzo mwisho. Nilichonacho ni paneli 4 za wati 300, betri 4 za maji za volti 12 ampea 200 kila moja, zimeungwa mbili mbili kupata volti 24, inveta ya wati 5000 (fundi aliniambia chukua kubwa usije kujuta mbele ya safari) na chaja kontrola ya ampea 60 imeandikwa MPPT (aina inayokamua umeme zaidi kwenye paneli). Matumizi ni friji moja ya kawaida, taa 8 za LED, ruta haizimwi, laptopu ya kazi, tivii jioni na pampu ya kupandisha maji kwenye tanki.

Mwaka wa kwanza ilikuwa raha tupu. Sasa hivi inveta inaanza kulia saa tisa usiku, ikifika saa kumi na moja alfajiri imeshazima, na mawingu yakikaa siku mbili hapo hata saa tano usiku sifiki.

Hapa kwangu upepo upo, usiku nausikia kabisa unavyopiga bati. Kuna mtu ananiuzia tabaini ya wati 1000, mapanga matatu, kipenyo mita 1.6, anasema naifunga juu ya paa tu na itachaji usiku kucha wakati jua limelala. Nikapiga hesabu, wati 1000 mara saa 10 za usiku ni yuniti 10, si nimemaliza kabisa? Au niongeze paneli 2? Au betri? Naombeni msaada na msinicheke.

Kisu_Butu:

Ongeza betri 4 zingine ulale usingizi mkuu, mengine yote ni kujisumbua

FundiMtulivu:

Karibu mkuu. Hiyo ya yuniti 10 nawaachia watu wa upepo waishughulikie 😄 mimi naanza na inveta.

Leo usiku fanya hivi, zima kila kitu ndani, breka zote za nyumba shusha, acha inveta peke yake imewashwa haina kazi, halafu pima ampea zinazotoka kwenye betri kwenda kwenye inveta. Mita ya kubana inatosha ila hakikisha inasoma DC (umeme wa betri na paneli), maana nyingi zinasoma AC (umeme wa nyumbani) tu na itakupa sifuri ukafurahi bure. Inveta za ukubwa huo nyingi zinakula wati 50 mpaka 80 zikiwa zimekaa tu hazifanyi chochote. Chukua wati 60, mara saa 24, ni wati-saa 1440, yaani karibu yuniti moja na nusu kila siku inaondoka na hujawasha hata taa. Kuwasha inveta ya 5000 usiku kucha kwa ajili ya ruta na friji ni kuwasha lori kwenda kununua kiberiti.

Sasa weka na vingine. Friji ya kawaida tuseme yuniti 1 kwa siku, taa 8 za wati 9 kwa saa tano ni 360, laptopu wati 60 kwa saa sita ni 360, ruta wati 10 saa zote ni 240, tivii wati 80 saa nne 320, pampu ya wati 750 nusu saa 375. Jumlisha na ile 1440 ya inveta unapata kama yuniti 4.1 kwa siku. Paneli zako wati 1200, siku nzuri yenye jua kali la saa 4.5 hivi, toa robo nzima ya joto, vumbi, waya na kontrola, unabaki na yuniti 4 tu. Na betri za maji nazo zinakula kodi yao, unachoingiza hakitoki chote, hesabu asilimia 80 hadi 85. Kwahiyo hata siku ya jua zuri unatoka sare au unafungwa kidogo. Mawingu yakija, kwisha habari.

Ndo maana nasema usinunue kitu chochote kwanza. Tuletee namba hizi: ampea za inveta ikiwa tupu, volti za kila betri moja moja asubuhi kabla jua halijapiga paneli, volti za juu kabisa betri zinazofika mchana, na volti za waya wa paneli pale zinapoingia kwenye kontrola wakati inachaji. Hii ya mwisho nina sababu nayo. Na useme kama kuna kivuli chochote kinachogusa paneli.

Bi_Ampea:

Kisu_Butu usimpoteze mwenzio. Kuongeza betri mpya kwenye zile za zamani ni kuziua mpya, zile chovu zinavuta mpya chini na chaji haigawanyiki sawa. Afu tatizo lake sio pa kutunzia, tatizo ni kwamba kinachoingia hakitoshi, sasa ukimwongezea betri 4 kwa paneli zilezile ndo kabisa hazitajaa hata siku moja.

Kaka Kibanda, hizo betri zako za risasi na asidi ni teknolojia ya tangu 1859 na tabia yake haijabadilika: inataka ishibe. Sio kila mwaka, ni kila siku chache lazima ifike juu kabisa na ikae hapo masaa. Ikikaa nusu nusu wiki baada ya wiki, kwenye sahani zake inajengeka salfeti ngumu ambayo chaji ya kawaida haiitoi tena, uwezo unashuka taratibu bila wewe kujua. Mwaka wa kwanza raha, mwaka wa pili inveta inalia saa tisa. Hadithi yako yote iko hapo.

Betri ya maji ya volti 12 ikiwa imejaa na imepumzika masaa bila kuchaji wala kutumika inasoma kama 12.7. Ikisoma 12.2 uko nusu. Chini ya hapo usiishushe kama unaipenda. Ndo maana benki yako ya volti 24 ampea 400 kwenye karatasi ni yuniti 9.6 lakini za kutumia kiafya ni 4.8 tu, na hiyo ni zikiwa mpya.

Na wakati wa kuchaji, kwa volti 24 inatakiwa ipande mpaka 28.8 hivi ikae hapo masaa mawili au zaidi mpaka ampea zenyewe zishuke, ndipo kontrola irudi kwenye 27 na kidogo ya kushikilia. Wengi wanaona taa ya kijani wanadhani imejaa, kumbe ndo kwanza imefika asilimia 80, ile 20 ya mwisho ndo inayochukua muda na ndo inayookoa betri.

Kama una haidromita (kipima uzito wa maji ya betri) pima kila tundu. Maji yakiwa chini ya sahani ongeza maji ya betri tu, usiongeze asidi, na usijaze kabla ya kuchaji yatafurika. Chumba kiwe na hewa, wakati wa kuchaji zinatoa haidrojeni, usiende na kiberiti kuchungulia.

Pepo_za_Juu:

Nimeitwa 😂

Mimi ni mtu wa upepo, ninayo tabaini na naipenda, kwahiyo msije kusema nampinga kwa wivu. Lakini hiyo ya kufunga juu ya paa mwambie huyo muuzaji akafunge kwake.

Kitu cha kwanza ambacho kila mtu anayenunua tabaini inabidi akijue ni kwamba nguvu ya upepo inaenda na mwendo wake mara tatu kwa yenyewe. Upepo ukiongezeka maradufu nguvu inakuwa mara 8, sio mara 2. Na kinyume chake ukipungua nusu unabaki na moja ya nane. Sasa hiyo wati 1000 iliyoandikwa kwenye boksi ni kwa upepo wa mita 12 au 13 kwa sekunde, huo ni upepo ambao matawi makubwa yanayumba na kushika mwavuli ni shida. Kama kweli ungekuwa na huo usiku kucha usingekuwa unausikia bati, bati lingekuwa kwa jirani.

Tupige ya kwako. Kipenyo 1.6 inafagia eneo la mita 2 za mraba. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ambao ndo watu wengi wanauita "upepo upo", umebeba wati kama 39 tu kwa kila mita ya mraba, kwahiyo wati 78 zinapita pale. Huwezi kuzichukua zote, kuna Mjerumani anaitwa Albert Betz alishaonyesha toka 1919 kwamba hata mtambo mkamilifu kabisa hauvuki asilimia 59.3, na hivi vidogo vyetu ukipata 30 kwenye betri shukuru. Unabaki na wati 24. Ishirini na nne! Mara saa zako 10 za usiku ni robo ya yuniti, inveta yako inaila yote na bado inakudai.

Paa ndo mbaya zaidi. Upepo ukigonga nyumba unavurugika, unapanda unazunguka unarudi, tabaini inabaki inageuka geuka kutafuta mwelekeo haizalishi kitu na beringi zinakufa mapema. Unachosikia kwenye bati ni hizo vurugu zenyewe. Halafu mtetemo wote unashuka kwenye mbao, usiku utadhani umelala ndani ya mashine ya kusaga. Kanuni ya watu wa upepo ni mapanga yawe juu angalau mita 9 kuliko kitu chochote kilichopo ndani ya mita 150, mti, nyumba, chochote. Maana yake ni mlingoti wa haja, na waya za kuushikilia, na msingi wa zege, na namna ya kuulaza chini wakati wa matengenezo. Mara nyingi mlingoti unazidi gharama ya tabaini yenyewe.

Pa upepo wa kweli, ukingoni mwa bahari, kilele cha wazi, tambarare isiyo na miti, hapo nabadilisha wimbo. Mimi nilipo upepo unakuja hasa majira ya mawingu, sola ikilala ndo tabaini inaamka, zinapokezana vizuri sana na sitarudi kwenye sola pekee. Ila nilipima kwanza, anemomita (kipima kasi ya upepo) juu ya mlingoti mwembamba kwa urefu ule ule ambao tabaini ingekaa.

Kibanda_Mlimani:

Aisee. Nimesoma mara mbili mbili. Basi nimezunguka na mita, namba ni hizi hapa:

Inveta tupu ampea 2.7, betri wakati huo zilikuwa 25.0
Betri asubuhi: 12.1, 12.1, 12.0 na moja ina 11.4
Volti ya juu mchana niliyoiona 27.4 kama saa tisa alasiri, baada ya hapo ikaanza kushuka
Waya wa paneli kwenye kontrola 27.6 wakati huo betri 27.1
Kivuli kipo, kuna mti unagusa paneli moja kuanzia saa nane mchana

Maji kwenye betri mbili yalikuwa chini kidogo ya alama nimeongeza. Ndo nini hii, nimekufa?

FundiMtulivu:

Hujafa ila umeibiwa kidogo mkuu. Si kwa inveta, hiyo ya ampea 2.7 mara 25 ni wati 67 na ndo nilivyotegemea. Umeibiwa kwenye kontrola.

Paneli ya wati 300 ya aina hiyo inapenda kufanya kazi kwenye volti 32 hivi, ikiwa na joto kali labda 28 mpaka 29. MPPT ya kweli inaiacha paneli kwenye volti zake inazozipenda halafu yenyewe inabadilisha kuwa volti za betri na kuongeza ampea. PWM, ile aina nyingine ya kontrola, inachofanya ni kuunga paneli moja kwa moja na betri na kukata kata. Kwahiyo ukikuta volti za paneli na za betri zinafanana wakati betri bado ina njaa, tofauti nusu volti kama yako, hiyo ni PWM hata kama wameandika MPPT kwa dhahabu. Dalili nyingine ni uzito, MPPT ina koili kubwa ndani na vipoozeo, ukiishika unaisikia. Ile nyepesi kama rimoti ya tivii achana nayo.

Ukiweka ya kweli utapata asilimia 10 mpaka 20 zaidi kutegemea joto, usitegemee miujiza. Faida kubwa kwako ni nyingine: utaweza kuunga paneli mbili mbili kwa mfululizo, volti zinapanda, ampea kwenye waya zinapungua nusu, na upotevu wa kwenye waya unashuka kuwa robo. Hapo angalia kitu kimoja tu na usikidharau, volti za paneli ikiwa wazi haina mzigo, ziko nyuma kwenye kibandiko, aina yako ni kama 40. Mbili ni 80. Kwenye baridi inapanda zaidi, asubuhi ya baridi kali yenye jua inaweza kuongeza asilimia 10 na kuendelea. Kontrola yenye kikomo cha volti 100 inatosha ila 150 unalala kwa amani zaidi. Ukivuka kikomo hata sekunde moja inaungua na hakuna garanti itakayokusikiliza.

Mti. Sasa hivi zimeungwa sambamba kwahiyo kivuli kinaumiza ile paneli moja. Ukiunga mbili mbili kitaburuza na mwenzake. Kata tawi au hamisha paneli, kivuli cha tawi dogo kwenye kona ya paneli kinakata theluthi yake nzima kwa sababu ndani zimegawanywa mafungu matatu, sio kwamba unapoteza pale palipofunikwa tu.

Na inveta. Tafuta ndogo ya volti 24, wati 1000 au 1500, wimbi safi (umeme laini kama wa nguzo), ambayo kwenye karatasi yake imeandikwa matumizi ikiwa tupu ni wati 10 hadi 15. Friji yako ikiwa inatembea inakula wati 100 na kidogo, kuanza inaruka mara kadhaa kwa sekunde, inveta nzuri ya 1500 inalibeba hilo. Ile ya 5000 ibaki kwa pampu, unaiwasha mchana jua likiwa kali unajaza tanki unaizima. Maji tankini ni umeme uliotunzwa bila betri, usipige pampu usiku kamwe. Kutoka wati 67 kwenda 12 umeokoa yuniti 1.3 kwa siku. Paneli moja ya wati 300 inakupa kama yuniti 1. Yaani umeongeza paneli na zaidi bila kupanda juu ya paa.

ONYO: waya za kutoka za inveta mbili zisikutane kamwe. Kila moja na njia yake, au swichi ya kubadilisha. Zikikutana zote mbili kwaheri.

mlinzi_wa_fyuzi:

Mmeongea yote hakuna aliyemuuliza fyuzi iko wapi 🙄

Inveta ya 5000 kwenye volti 24 inavuta zaidi ya ampea 200 ikifanya kazi yote. Kati ya betri na inveta kuna fyuzi? Ipo karibu na betri au iko kule mbali ukutani? Inatakiwa iwe karibu na kichwa cha betri kadri inavyowezekana, kwa sababu inalinda waya, na kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakilindwi na mtu. Na kama kuna breka ya kawaida ya nyumbani imewekwa upande wa betri au paneli, itoe. Umeme wa AC unapita sifuri mara mia kwa sekunde kwahiyo cheche inazimika yenyewe, DC haipiti sifuri, cheche inasimama inawaka kama ya kuchomelea mpaka plastiki iyeyuke. Weka breka iliyoandikwa DC na volti zake.

Pia betri zikiwa sambamba chanya ichukulie kwenye fungu la kwanza na hasi kwenye fungu la mwisho, sio zote upande mmoja. La sivyo fungu la karibu linafanya kazi kuliko lingine. Nahisi ile ya 11.4 ndo iko karibu na waya, sema kama nadanganya.

Kibanda_Mlimani:

Hudanganyi, ndo ya karibu kabisa na inveta, waya zote mbili zimetoka pale 😳 Fyuzi ipo ila kwenye upande wa paneli, kwenye inveta hakuna.

mlinzi_wa_fyuzi:

Zima inveta uweke fyuzi kwanza kabla ya kusoma jibu lingine lolote humu.

Bi_Ampea:

Ile ya 11.4 kaka ni ya kutoa. Wenzake wako 12.1 yeye yuko 11.4, kuna seli imelala ndani. Ukiwa na haidromita seli nzima iliyojaa inasoma karibu 1.265 hadi 1.280, na ukikuta seli moja iko nyuma ya wenzake kwa 0.050 au zaidi hiyo haifufuki. Itoe yeye na mwenzake aliyeungwa naye mfululizo, baki na fungu lenye 12.1 mbili kama kweli ndo zenyewe zimeungana. Utakuwa na ampea 200 tu kwa volti 24 lakini zitajaa, na zikijaa zitakupeleka mbali kuliko nne zinazoshinda na njaa. Yule mwenzake mwenye 12.0 mchaji peke yake umwache siku nzima umpime, huenda yuko salama akawa akiba.

Hizo mbili zilizobaki zipe chaji ya kusawazisha, yaani volti zinapandishwa mpaka karibu 31 kwa volti 24 masaa machache chini ya uangalizi, betri za maji TU, ukifanya hivyo kwa zile kavu umezipasua. Fuata karatasi ya betri, na zima inveta kabla maana nyingi zinakataa volti zaidi ya 30 na kidogo. Kama jua halitoshi kufika huko, jenereta ndogo ya kuazima na chaja nzuri asubuhi, halafu jua limalizie mchana. Hiyo kazi ya kumalizia ndefu ya ampea chache jua linaiweza, jenereta kuiendesha masaa matano kwa ampea tatu ni kuchoma mafuta bure.

Kisu_Butu:

Sasa si anunue lithiamu tu haya mateso yote ya nini

Bi_Ampea:

Hapo leo umesema kitu. Betri ya lithiamu aina ya chuma na fosfeti, volti 25.6 ampea 200, ni yuniti 5.1 na karibu zote za kutumia, yaani sawa na zile nne zake zilipokuwa mpya. Haina shida ya kukaa nusu, tena inapenda, inarudisha zaidi ya asilimia 90 ya ulichoingiza, na mizunguko yake ni maelfu badala ya mamia. Akipata uwezo aende huko. Ila sio kuchomoa hii na kuchomeka ile:

Kontrola ibadilishwe mipangilio, hakuna kusawazisha, hakuna volti 31, hiyo inabaki kwa betri za maji. Isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri kama anaishi pa baridi. Fyuzi iwe ya daraja la T maana hizi zikipata shoti zinatoa maelfu ya ampea na fyuzi nyepesi inashindwa kukata. Na asitegemee volti kujua kilichobaki, volti zake zimelala, asilimia 70 na asilimia 40 zinakaribia kufanana, aweke shanti inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Hata kwa betri zake za sasa angeweka hiyo shanti kabla ya kununua kitu kingine.

Pepo_za_Juu:

Naongezea hapo kwenye lithiamu maana ndipo watu wa upepo wanapoumia. Sola ukiikata kutoka kwenye betri hakuna kitakachotokea, paneli inakaa tu juani. Tabaini ukiikata ghafla wakati upepo mkali, inakosa mzigo, inakimbia mpaka inajivunja au volti zinapanda zinaua kila kitu. Lithiamu ina BMS ndani (saketi inayoilinda betri), ikiona imejaa au kuna kasoro inakata bila kukuaga. Kwahiyo tabaini lazima iwe na kontrola yake yenye mzigo wa kumwagia, ile koili ya kupasha joto inayokula umeme wa ziada, na mzigo huo usitegemee BMS kuwa hai. Na swichi ya breki, inayounga pamoja nyaya tatu za tabaini, kabla ya dhoruba unaipiga inasimama. Muuzaji wako amekutajia hata kimoja kati ya hivyo?

Kibanda_Mlimani:

Hajataja hata kimoja, alisema "unachomeka kwenye kontrola uliyonayo". Nimemwambia nitamrudia.

Fyuzi nimeweka ya ampea 250 karibu na betri, waya ni ule mnene wa milimita 70. Betri mbili nimetoa, mti nimekata tawi, kontrola na inveta ndogo ndo naenda kutafuta. Paneli mbili zaidi nitaongeza baadaye. Swali la mwisho, upepo sijaukatia tamaa, nataka nipime kweli. Anemomita niiweke muda gani na juu kiasi gani, nyumba ina mita 4 na ule mti ni kama mita 7, uko hatua 30 kutoka nyumbani.

Pepo_za_Juu:

Mti ndo bosi wako hapo, sio nyumba. 7 na 9 ni mita 16, pima hukohuko, sio pale utakapofika kwa ngazi. Nunua ile inayorekodi yenyewe, usiwe unatoka nje kuangalia wakati unavuma tu maana ndo utaandika namba tamu tupu. Pita nayo majira yote ukiweza, kwa uchache yale ya mawingu ambayo sola inakuangusha. Wastani ukiwa chini ya mita 4.5 weka paneli tu na huo mlingoti utundike antena ya ruta. Ukifika 5.5 na kuendelea nitafute tuongelee mapanga makubwa zaidi, hiyo ya 1.6 ni ndogo kwa vyovyote vile.